Rangi ya Gari Hushika Pale Msasa Ulipopita: Maandalizi ya Bampa, Boneti na Madigadi Mpya



Mada ya leo ni kazi inayofanyika karibu kila kituo cha biashara katika kaunti: kuandaa na kupaka rangi sehemu mpya za bodi ya gari. Gari linagongwa nyuma kwenye msongamano, au pikipiki inakwaruza madigadi, au ng'ombe anavuka barabara usiku. Mwenye gari ananunua bampa nyingine, anaipeleka kwa fundi wa rangi, na jioni gari linatoka likimeremeta. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: rangi hiyo itakuwa wapi baada ya mvua za masika? Na lipo jingine linaloulizwa mara chache zaidi: kijana aliyeipuliza atakuwa na kifua cha namna gani baada ya miaka 10?

Majibu ya maswali hayo mawili yanapatikana mahali pamoja, nako ni katika maandalizi, yaani kazi yote inayofanywa kabla rangi haijaanza kupulizwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mteja haioni, na kwa sababu haioni, ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikipunguzwa.

Sehemu mpya haimaanishi iko tayari

Sehemu za bodi zinazouzwa madukani ni za aina tatu. Kuna orijino, zinazotolewa na kampuni iliyotengeneza gari lenyewe. Kuna za mtumba kutoka Japani, ambazo huja na rangi ya gari lingine, na wakati mwingine huwa na kutu au pati iliyofichwa chini ya rangi hiyo. Na kuna za nakala, ambazo ni mpya lakini zimetoka kiwanda kingine. Nyingi za nakala hutengenezwa Taiwan na China, na huonekana kwa wingi katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kabla ya kusambazwa mashinani. Kununua nakala si kosa, kwani bei yake humwezesha mwananchi wa kawaida kulirudisha gari barabarani. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa ni mpya, inangoja rangi tu.

Hatua ya kwanza kabisa haihusu rangi. Sehemu ifungwe kwenye gari ikiwa bado haijaguswa, ionekane kama inakaa sawa. Nafasi kati ya boneti na madigadi ilingane pande zote mbili, mashimo ya bolti yaelekeane, taa ziingie bila kulazimishwa. Nakala hutofautiana, na ile isiyokaa sawa inaweza kurudishwa dukani ikiwa bado safi. Ikishapigwa msasa au kupakwa rangi, mwenye duka hataipokea, na hasara inakuwa ya mwenye gari. Ikikaa vizuri, ifunguliwe tena ndipo ipakwe, ili rangi ifike kwenye kingo na upande wa ndani ambako kutu huanzia.

Kusoma ile rangi nyeusi

Boneti au madigadi ya nakala huja ikiwa nyeusi au ya kijivu, na wengi husema, "Hii imeshapigwa praima." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Viwanda vizuri huzamisha bati lote katika tangi la praima inayoshikishwa kwa umeme, kisha hulioka katika tanuri. Praima hiyo hufika kila kona na ni kinga bora ya kutu, kwa hivyo haifai kuondolewa. Viwanda vingine hupuliza rangi nyepesi ya safari tu, ili bati lisishike kutu melini na ghalani. Rangi hiyo haina nguvu ya kubeba rangi nyingine juu yake.

Kuzitofautisha ni kazi ya dakika chache. Fundi huchukua kitambaa cheupe, akakilowesha kwa thina, akasugua mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kuchafua kitambaa, hiyo ni ya safari, na yote iondolewe mpaka bati lionekane. Ikibaki ngumu na kitambaa kikabaki kisafi, hiyo ni praima ya kweli. Inahitaji kuoshwa na kukwaruzwa kidogo ili rangi mpya ipate pa kushika.

Mpangilio wa kazi kwa bati ni huu. Kwanza kuosha kwa sabuni na maji safi, kisha kufuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupaka dawa, kingine kikavu cha kuiondoa kabla haijakauka yenyewe. Msasa huja baada ya kuosha, wala si kabla. Anayepiga msasa bati lenye mafuta huyasukumia mafuta hayo ndani ya mikwaruzo, na hapo hayatoki tena kwa urahisi. Baada ya hapo msasa namba 320 hutosha kukwaruza praima ya kiwandani. Mahali palipobonyea safarini pajazwe pati, na pati isizidi milimita 3 hivi. Pati hunywa maji kama sponji, kwa hivyo ipigwe msasa mkavu; ikipigwa kwa maji, unyevu hufungiwa chini ya rangi na kurudi kama malengelenge.

Mahali popote msasa ulipofika kwenye bati tupu papakwe praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala nje usiku mmoja wa unyevu, kutu isiyoonekana kwa macho huwa imeanza. Kisha hufuata andakoti, na ikikauka hulainishwa kwa msasa namba 400 hadi 600, mpaka mkono ukipitishwa juu usihisi mpaka popote.

Bampa ni kazi nyingine kabisa

Malalamiko mengi kuhusu rangi kubanduka huhusu bampa, na sababu yake ni kwamba bampa za kisasa ni za plastiki. Upande wa ndani wa bampa huwa na herufi zilizochongwa. PP, mara nyingi ikiwa pamoja na EPDM, ni plastiki ya jamii moja na ile ya beseni na viti vya plastiki. Kila mwenye nyumba anajua kwamba rangi haikai juu ya beseni. Plastiki hiyo haipendi kushikwa na kitu chochote, iwe gundi au rangi.

Juu ya hilo, bampa mpya ambayo haijapakwa praima hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya dawa inayopakwa ndani ya kalibu ili plastiki isigande. Dawa hiyo haionekani, lakini ikibaki, rangi hukaa juu yake na si juu ya plastiki.

Kwa hivyo bampa tupu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, hukaushwa, kisha hufutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta isiyoharibu plastiki. Thina kali haifai hapa. Baadaye hukwaruzwa taratibu kwa msasa laini au brashi ya nyuzi ya kijivu, hasa kwenye kingo na mikunjo ambako mkono haufiki vizuri. Msasa mkali huifanya plastiki iote manyoya, na manyoya hayo huonekana hata baada ya rangi. Ikishaoshwa tena na kukauka, hupulizwa praima ya plastiki, tabaka jembamba tu. Muda wa kungoja kabla ya kuweka rangi umeandikwa kwenye mkebe na ufuatwe: ukipita kupita kiasi, nguvu ya kushika hupotea.

Bampa iliyokuja na praima ya kiwandani haihitaji kuanzishwa upya. Huoshwa, hukwaruzwa na kupakwa. Lakini mahali ambapo msasa umefichua plastiki, praima ya plastiki irudiwe hapo.

Namba ya rangi na karatasi ya majaribio

Nyeupe si moja. Kila gari lina namba ya rangi kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Katika magari mengi ya Toyota yaliyotoka Japani, namba hiyo husomwa mahali palipoandikwa C/TR. Namba 040 ni nyeupe ya kawaida, lakini 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo hupakwa kwa tabaka tatu: rangi ya chini, ya lulu, kisha klia. Anayeweka 040 kwenye gari la 070 ataona tofauti jua la kwanza likipiga.

Hata namba ikiwa sahihi, gari la miaka 15 limeshachujuka kwa jua. Fundi makini hupuliza rangi kwenye kipande cha kadi au bati, akaweka klia, akakilinganisha na gari nje kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya gereji. Rangi ya fedha ina vipande vidogo vya alumini ndani yake, na hubadilika kulingana na umbali na upepo wa gani, kwa hivyo jaribio hilo ni la lazima.

Anayetaka kutumia nafasi hiyo kulibadilisha gari zima rangi ajue kwamba rangi ni sehemu ya maelezo yaliyo kwenye kitabu cha gari. Mabadiliko hayo lazima yasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA.

Siku ya kupuliza

Tabaka zote za rangi ya gari, kutoka praima hadi klia, kwa kawaida huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, na milimita moja ina maikroni 1,000. Kitu chembamba kiasi hicho hakifichi kosa lolote la chini yake. Ndiyo maana haraka haina faida. Rangi huwekwa mara mbili au tatu, kila mara ikiachwa mpaka mng'ao wa majimaji uishe, kisha klia mara mbili. Tabaka zito la mara moja hufungia thina ndani, na wiki chache baadaye mng'ao hufifia au rangi hupasuka.

Kompresa itolewe maji kila siku kabla ya kazi, kwa kuwa hewa iliyobanwa hutoa maji yake ndani ya tangi. Tone moja la maji au mafuta likipita kwenye gani huacha vishimo kama macho ya samaki. Asubuhi ya ukungu si wakati wa kupuliza: joto la bati liwe juu ya kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Saa nne asubuhi kwenye jua la wastani ni bora kuliko saa moja kwenye baridi.

Fundi naye aandaliwe

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Klia na andakoti nyingi za kisasa huchanganywa na hadena. Hadena hiyo ina kemikali ziitwazo isosianeti. Ndizo zinazoifanya klia iwe ngumu na ing'ae kwa miaka, na ndizo zinazoweza kumpa fundi pumu ya kazini. Nchini Uingereza, ambako ugonjwa huu umefuatiliwa kwa miongo mingi, wapuliza rangi za magari wako miongoni mwa wafanyakazi walio katika hatari kubwa zaidi.

Mambo matatu kuhusu isosianeti yanapaswa kujulikana na kila kijana anayeshika gani. La kwanza, pua haitoi onyo. Harufu kali ya gereji ni ya thina, na isosianeti inaweza kuzidi kiwango cha hatari bila mtu kunusa lolote. La pili, ukungu wa rangi hubaki hewani hata ule usioonekana tena, kwa hivyo anayevua maski mara tu anapoweka gani chini, au anayeiinua kidogo akague kazi, huvuta ule ule aliokuwa akiuepuka. La tatu, mwili ukishazikataa kemikali hizi, hauzoei tena. Kiasi kidogo sana kinaweza kumletea shambulio la pumu, na wengine hulazimika kuiacha kazi waliyojifunza kwa miaka.

Dalili zake hudanganya. Mara nyingi kifua hubana na kikohozi huja usiku, saa kadhaa baada ya kazi. Mtu hupata nafuu siku za mapumziko, akadhani ni baridi au vumbi. Fundi mwenye dalili hizo aende kituo cha afya na amweleze mhudumu waziwazi kwamba hupuliza rangi ya gari yenye hadena. Bila maelezo hayo, ni rahisi atibiwe homa ya mafua.

Leso iliyofungwa puani na barakoa ya kitambaa hazizuii chochote hapa. Kinga kamili kwa rangi yenye hadena ni maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la rangi. Maski ya vichujio vya mvuke na vumbi, iliyokaa sawasawa usoni na yenye vichujio visivyopitwa na wakati, ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini haitoshi kuwa kinga ya kila siku. Gereji isiyo na vifaa inaweza kufanya maandalizi na rangi ya chini, kisha ikakubaliana na gereji yenye chumba cha kupulizia iweke klia. Miwani, glavu na nguo za mikono mirefu ni za lazima pia, kwa sababu kemikali hizi hupita kwenye ngozi. Watoto, wapita njia na mama wa kibanda cha chakula wasiwe karibu. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kuufikia moto wa jiko ulio hatua kadhaa mbali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga bila kumtoza. Gereji ndogo si nje ya sheria hiyo. Na thina iliyotumika haimwagwi mtaroni: mtaro huishia mtoni, na mto huishia kwenye mtungi wa mtu. Ihifadhiwe kwenye mkebe wenye kifuniko na ikabidhiwe mwenye leseni ya kukusanya taka hatari. Mikebe mitupu isigeuzwe vyombo vya maji.

Rangi ikibanduka, nani alaumiwe?

Mizozo kati ya mwenye gari na fundi hupungua pande zote mbili zikijua kusoma kosa. Rangi ikitoka kama ngozi ya nyoka na plastiki ikabaki safi chini yake, kuosha au praima ya plastiki ilirukwa. Klia ikitoka peke yake na rangi ikabaki, muda kati ya tabaka haukufuatwa au hadena haikupimwa. Malengelenge yenye kutu ndani yanaonyesha bati liliachwa tupu. Lakini jiwe likirushwa na lori na kung'oa kipande, hilo si kosa la fundi, na mwenye gari azibe mahali hapo kabla kutu haijaingia.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili kunufaika nazo. Haki hiyo hutetewa kwa urahisi palipo na maandishi. Karatasi moja yenye namba ya rangi, aina ya sehemu, kazi ya maandalizi itakayofanywa na bei ya kila hatua inatosha. Karatasi hiyo humlinda fundi pia, kwa sababu mteja aliyekataa kulipia praima ya plastiki hataweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Jukumu la kaunti na nafasi ya fundi

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, serikali za kaunti husimamia leseni za biashara, uchafuzi wa hewa, huduma za zimamoto na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo hayo manne yote hukutana ndani ya gereji moja ya rangi. Mwenye gereji anayefika kuomba leseni anaweza pia kuuliza ni wapi panafaa kupulizia na kifaa gani cha kuzima moto kinahitajika.

Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti hana sababu ya kujiona mdogo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa gredi, na upo utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu amekwisha kuupata kazini. Cheti hicho humfungulia mlango wa kazi za bima na za magari ya taasisi, ambazo hulipa bei inayoruhusu maandalizi kamili.

Mwisho, mwenye gari akifika gereji aulize maswali manne kabla ya kuuliza bei. Sehemu hii imejaribiwa kwenye gari? Ile rangi nyeusi imepimwa kwa thina? Bampa itapata praima ya plastiki? Na atakayepuliza klia atavaa nini usoni? Fundi anayejibu manne hayo bila kusita anastahili kulipwa bei anayosema. Na mteja anayelilia punguzo ajue kwamba shilingi anayoiondoa haitoki kwenye mng'ao atakaouona jioni hiyo. Hutoka kwenye msasa, kwenye praima na kwenye maski ya kijana wa watu.